Tarehe kwenye nguzo za mawe za Wamaya zinasomwaje?

Swali: Wakuu habari zenu, naangalia picha za ile nguzo ndefu ya Quiriguá, mji wa kale wa Wamaya kule Guatemala, mita 10 na ushee, jiwe moja tu! Sasa watu wanajuaje ni ya mwaka 771?

Jibu: Mkuu, Wamaya waliichonga tarehe palepale kwenye jiwe. Nukta ni moja, mstari ni tano, na sifuri walikuwa nayo. Zinakuja namba tano kuanzia juu: ya kwanza unazidisha kwa siku 144,000, inayofuata 7,200, halafu 360, halafu 20, ya mwisho siku mojamoja, ukijumlisha unapata siku zilizopita tangu mwaka 3114 KK. Tarehe mojawapo pale ni 9.17.0.0.0, ndo hiyo 771. Hesabu safi kabisa, mi naipenda sana.

Jibu: Naongezea, aliyeisimamisha ni mfalme K'ak' Tiliw Chan Yopaat, yule aliyemteka mfalme wa Copán, mji mwingine wa Wamaya, mwaka 738.

Swali: Asanteni sana. Na ile ishu kwamba kalenda ya Wamaya ilitabiri mwisho wa dunia 2012?

Jibu: Hapana ndugu, hesabu ilifika 13.0.0.0.0 tu, haikukatika. Palenque, mji wa kale wa Wamaya kule Mexico, kuna maandishi yanataja mpaka mwaka 4772.