Saa ya kuhesabu hatua itanionyesha kama mama anautumia mkono wake?

Binti wa Mikindani
Habari zenu. Mama yangu alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea, na mkono wake wa kazi ni huohuo wa kulia. Alhamdulillahi, anatembea. Kliniki akiambiwa anyanyue mkono, ananyanyua. Ashike kikombe, anashika. Anaandikiwa maendeleo mazuri. Tukirudi nyumbani mkono unalala mapajani kutwa nzima. Anakula kwa kushoto, na mnajua kwetu hilo ni aibu kiasi gani mbele ya wageni, lakini wa kulia hautumii. Korosho za kubangua anawasukumia wajukuu. Nikimuuliza, "Mama, leo umeutumia?" ananijibu, "Sana, mwanangu." Siwezi kubishana na mama. Kaka yangu yuko Dar, anataka kumnunulia saa ya kuhesabu hatua. Itatuambia ukweli?

Fizio wa Lindi
Pole dada, mfikishie mama salamu. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote katika kazi yangu. Kliniki tunapima anachoweza. Anachokifanya nyumbani hatukioni, na mara nyingi cha kwanza kinapanda huku cha pili kimesimama palepale.

Saa moja haitoshi. Watafiti huvalisha vihisi mwendo viwili (vifaa vidogo vinavyorekodi mkono ukisogea), kila kifundo cha mkono kimoja, kutwa nzima, halafu wanalinganisha. Mtu asiye na ugonjwa kila mkono wake hufanya kazi kwa jumla ya saa 9 hivi kwa siku, na uwiano wa mkono usio wa kazi kwa ule wa kazi huwa karibu 0.95, yaani karibu sawa. Ndiyo, hata kwa anayeandika kwa kulia tu, maana kukuna nazi, kufua na kufunga khanga vyote vinataka mikono miwili. Uzuri wa uwiano ni kwamba mama akishinda amekaa, mikono yote inapungua pamoja, kwa hiyo huwezi kudhani ni mkono mgonjwa pekee uliolala.

Ila kihisi hakijui kazi ni ipi. Akitembea kwenda sokoni mkono unapepea, kinahesabu. Bajaji ikirukaruka, kinahesabu. Na saa ya hatua imetengenezwa kutafuta hizo hatua, si kushika kikombe. Kaka asitoe hela yake kwa hilo.

Mwana wa Newala
Baba yetu tulimvisha soksi nene mkono usiougua, akalazimika kutumia ule mwingine. Alikasirika, lakini alianza kushika jembe. Jaribuni.

Fizio wa Lindi
Ndugu yangu, njia hiyo ipo kweli. Mtafiti Edward Taub wa Alabama, Marekani, ndiye aliyeieneza, na mwaka 2006 Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 222: nusu yao hivi walitakiwa kuvaa glavu mkono usiougua asilimia 90 ya muda wa kuwa macho, wiki mbili, pamoja na mazoezi kila siku isipokuwa wikendi. Njia hiyo ilisaidia. Lakini walichaguliwa wenye uwezo wa kuinua kifundo na kunyoosha vidole kidogo. Mama akiyumba akakosa mkono wa kushikia ukuta, ataanguka. Mtaalamu wake amwone kwanza.

Dada, wakati huo badilisha swali. Usiulize "umeutumia?" Uliza kazi mojamoja: mlango umefungua kwa mkono gani? Khanga je? Sabuni? Kuna hojaji yenye kazi 30 za namna hiyo. Andika daftarini, mpelekee mtaalamu.

Binti wa Mikindani
Ahsante sana kaka. Jioni hii nimemuuliza habari ya mlango, akanyamaza, kisha akasema, "Kushoto." Hajawahi kunijibu hivyo. Nimemwomba kazi moja tu ya kulia: kushikilia bakuli mimi nikichambua mchele, na ameshikilia hadi mwisho. Kikombe cha chai nacho nikiweke kwenye daftari?

Fizio wa Lindi
Cha moto bado. Anza na cha plastiki, maji ya baridi, nusu.