Mjadala: Ratiba iliyopangwa na akili mnemba ipokewe kwenye zabuni za umma?

Mleta mada
Wakuu, mzabuni akiingiza hati za zabuni na BOQ (jedwali la kiasi cha kazi na vifaa) kwenye programu ya akili mnemba, ikamtolea orodha ya kazi na tarehe zake, taasisi nunuzi iipokee kama ratiba ya mkataba? Nasema ipokewe, kwa sharti kwamba mashine isome na kupendekeza kazi tu. Tarehe zikokotolewe kwa hesabu. Programu nyingi huharibika kwa kuchanganya mambo haya mawili.

Ujenzi wake uwe hivi. Hati ikatwe kifungu kwa kifungu, kila kimoja na namba yake. Modeli ya lugha, yaani akili mnemba inayosoma maandishi, itoe kila kazi pamoja na namba ya kifungu ilikotoka, kiasi na kipimo chake, kikosi, kazi zinazoitangulia na kalenda inayoifuata. Kazi isiyo na namba ya kifungu iwekwe kando hadi mtu aipitie, maana huenda imebuniwa. Kisha programu ya kawaida ikague mzunguko: plasta ikisubiri mabomba ya nyaya, na mabomba yakisubiri plasta, hakuna pa kuanzia. Mwisho ndipo ije hesabu ya njia nyeti, yaani mfululizo wa kazi ambazo moja ikichelewa mradi wote unachelewa, iliyobuniwa na DuPont pamoja na Remington Rand mwaka 1957. Unakwenda mbele kupata tarehe ya mapema kabisa ya kila kazi, unarudi nyuma kupata ya mwisho kabisa. Tofauti ya hizo mbili ndiyo nafasi ya kuchelewa. Modeli ya lugha isiguse hatua hii. Ikiachiwa kukisia tarehe, hati ileile inaweza kutoa majibu mawili.

Mkadiriaji majenzi
Mleta mada, hesabu ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu uko kwenye muda wa kila kazi. Chukua ukuta wa mita za mraba 240. Ukimkadiria fundi mwashi mmoja na saidia fundi wake mita za mraba 8 kwa siku, ni siku 30. Vikosi viwili, siku 15. Hiyo 8 imetoka wapi? Kasi ya tofali la inchi 6 siyo ya tofali la inchi 9, na mafundi wakishapanda jukwaani inashuka. Jedwali la kasi alitoe mkandarasi mwenyewe, aliambatishe kwenye zabuni, na programu isome hapo tu. Asipokuwa na uhakika atoe makadirio matatu: kazi ya siku 6 mambo yakienda vizuri, 9 kwa kawaida, 18 yakiharibika, inapewa (6 + 4×9 + 18) ÷ 6, yaani siku 10.

Halafu kalenda. Fundi hupumzika Jumapili, zege haliachi kukomaa. Kipimo cha nguvu ya zege cha siku 28, kikiwekwa kwenye kalenda ya siku 6 za kazi kwa wiki, kinageuka siku 32 au 33 na kusogeza kila kinachofuata. Kwa hiyo zinahitajika kalenda mbili, na ya tatu kwa kazi za udongo, maana kuchimba msingi Aprili, katikati ya masika, siyo sawa na kuuchimba Agosti.

Mtengeneza programu, Nairobi
Niongeze jambo ambalo akili unde (hiyo akili mnemba) hulikosea kwenye hati zetu hasa: saa. "Zege limwagwe kuanzia saa mbili asubuhi" ni 08:00, lakini mashine inaweza kuandika 02:00. Ubadilishaji huo ufanywe kwa kanuni iliyoandikwa. Neno "isipokuwa" nalo lisakwe peke yake: likirukwa, kazi iliyoondolewa kwenye mkataba inarudi kwenye ratiba.

Mhandisi mshauri
Ndugu zangu, mnazungumzia anayeandika ratiba. Nani anaisoma? Kwenye masharti ya mikataba ya ujenzi ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) ya 1999, kifungu 8.3, mkandarasi huleta ratiba ndani ya siku 28 tangu apokee taarifa ya kuanza kazi. Mhandisi ana siku 21 za kusema wapi haiendani na mkataba. Akinyamaza, mkandarasi anaendelea nayo. Zamani ratiba ya mistari 600 ilimgharimu mkandarasi wiki nzima ya kazi. Sasa anaweza kuipata mchana mmoja, na siku zangu ni zilezile 21. Kosa nisiloliona leo litarudi kama dai la nyongeza ya muda. Nasema isipokewe hadi mzigo huu uwekewe kikomo.

Mleta mada
Mhandisi, hapo umenigusa, sharti langu halikutosha. Naongeza mawili. Ratiba iletwe kama faili linaloweza kukokotolewa upya, siyo picha ya chati, ili ukibadilisha muda wa jamvi (sakafu ya zege) uone kenchi za paa zinasogea. Na ikirekebishwa, mkandarasi alete mistari iliyobadilika tu, kila mmoja na sababu yake.

Mhandisi mshauri
Hayo yananisaidia kwenye marekebisho. Ratiba ya kwanza bado ni mistari 600, na kila uhusiano kati ya kazi na kazi lazima usomwe na mtu anayejua jengo. Siku 21 hazitoshi kwa mhandisi mmoja mwenye miradi mitano.