MJADALA: Wazee wetu wapimwe kumbukumbu kila mwaka, ndiyo au la?

Mwana wa Mkomani: Asalaam aleikum wana Lamu na jirani zetu wa Malindi. Juzi mzee mmoja wa mtaani, nahodha mstaafu, katoka msikitini alfajiri, adhuhuri kakutwa Shela hajui kwake ni wapi. Watu wanasema ni uzee tu. Mimi nasema aliyefika miaka 60 apimwe kumbukumbu kila mwaka, pale pale anapopimwa presha. Ubaya uko wapi?

Bi Zuhura wa Langoni: Upo, mwanangu. Babangu alipimwa Mombasa. Kijana kamuuliza yeo tarehe ngapi, kajibu mfungo tano, kumi na mbili, kwa miezi yetu ya Kiislamu. Kosa. Msimu gani? Kusi. Kosa. Kisha mia utoe saba, utoe saba tena, uendelee. Mtu aliyepeleka jahazi Maskati na kurudi anaambiwa kichwa kimeharibika!

Tabibu_K: Shikamoo Bi Zuhura. Jaribio hilo lilitungwa Marekani mwaka 1975, alama 30, na linajulikana kuwapunja wasiosoma shule. Alama za chini peke yake si ugonjwa. Anayejua kazi humuuliza pia mtu wa nyumbani: bado anahesabu chenji? Dawa zake anazijua? Na kabla ya kutaja dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, tunatazama yanayotibika: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona. Hata maambukizi ya mkojo humchanganya mzee ghafla, akipata dawa anarudi.

Faza Damu: Kuna ripoti ya Lancet, lile jarida la udaktari, nadhani asilimia 40 ya dimensia yaweza kuzuilika, sababu 12. Lakini sisi Lamu angalau mzee akipotea tunamrudisha nyumbani. Malindi mwenye mvi akiongea peke yake ashaitwa mchawi.

Tabibu_K: Hiyo ni ya 2020. Mwaka 2024 wameongeza macho yasiyotibiwa na kolesteroli mbaya, sasa ni 14 na asilimia karibu 45. Presha, kisukari, upweke na kutosikia vizuri vyote vimo.

Karisa wa Ganda: Tabibu subiri kidogo. Wewe Faza umekula chumvi kiasi gani hata utuseme? Unadhani wanaochoma nyumba usiku wanaamini mzee anaruka na ungo? Wanataka shamba. Nenda Kaya Godoma kule Ganze, wazee wamekimbilia pale, waulize wameacha nini nyuma. Watakutajia ekari na minazi.

Faza Damu: Nimesema Malindi, sijataja kabila la mtu.

Karisa wa Ganda: Na mvi uliitaja ya nini? Unatupa jiwe kisha unaficha mkono.

Bi Zuhura wa Langoni: Faza, hata kwetu usijitie usafi. Nyumba ngapi za mawe zimeuzwa kwa wageni, mzee katia kidole gumba kwenye karatasi asiyoijua, watoto wakagawana?

Faza Damu: Bi Zuhura, hiyo ni nyingine kabisa.

Mwana wa Mkomani: Jamani, mada ni vipimo.

Karisa wa Ganda: Ndiyo hiyo hiyo, kaka. Siku karatasi ya daktari itakaposema mzee hana kumbukumbu, kifungua mimba ataifikisha kwa wakili kabla ya kupita duka la dawa. Kila atakachosema mzee kuhusu mpaka wa shamba kitakuwa maneno ya mgonjwa.

Tabibu_K: Majibu ni siri ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti.

Karisa wa Ganda: Sheria iko Nairobi. Faili iko mezani, na anayeipanga ni binamu ya mtu.

Faza Damu: Haya, shamba lenu nyinyi hati ina jina la nani?

Karisa wa Ganda: La babu, aliyekufa kabla sijazaliwa. Mtafutie kituo cha kumpima.

Mama Swabra: Nimechelewa, sijasoma yote. Tabibu umesema kutosikia nako kumo? Mamangu tangu Ramadhani ukimuita hageuki, sisi tunasema kasusa.

Tabibu_K: Mlete Jumatatu asubuhi, mama. Tuanze na nta ya masikio, mara nyingi ni hiyo. Msimchokoe kwa kijiti.

Mama Swabra: Dadake keshamchokoa.