Ukoo Mmoja 🐢 KOBE ASIGUSWE

Jumapili

*Da Zuu amebadilisha jina la grupu*

Da Zuu: Hamjambo nyote. Kobe ameshafika kwa Bibi salama, ameletwa na yule jirani anayehama. Naomba msome mpaka mwisho maana nawajua kwa kuweka dole gumba bila kusoma. Huyu mnyama leo hajui kitu humo ndani, harufu ngeni, sauti ngeni, sakafu ngeni, kwa hiyo atajificha na anaweza asile hata siku kadhaa na hiyo ni kawaida ya kobe aliyehamishwa. Asibebwebebwe, asimulikwe na flashi, asitembezwe kwa majirani. Wiki ya kwanza na ya pili yeye anataka joto, maji, majani na kuachwa. Basi

Baba Twins: 👍

Da Zuu: Umesoma?

Baba Twins: Nimefika kwenye "hamjambo" 😂

Faraja: Kaingia nyuma ya ndoo tangu saa nane, hajatoa kichwa

Da Zuu: Mwache hapo hapo Fara usimvute. Chukua boksi la kadibodi lilaze ubavu, kata mlango, tia nyasi kavu, liweke karibu naye. Akishakuwa na pa kujificha ndo ataanza kutoka, asipokuwa napo atashinda kwenye gamba lake

Mjomba: Apewe mkate na maziwa atachangamka

Da Zuu: Shikamoo Mjomba. Hapana Mjomba, maziwa tumbo lake haliyawezi na mkate unamharibia, yeye ni wa nyasi na majani yenye nyuzinyuzi. Wala makombo ya mezani, wala chakula cha mbwa, kile kina protini nyingi mno kwake. Parachichi ndo kabisa asilione, linaweza kuwa sumu kwake

Mjomba: Marahaba. Zamani tulikuwa na kobe pale nyumbani akila kila kitu

Mustafa: Yule alikufa Mjomba

Baba Twins: 😂😂😂

Mjomba: Alikufa kwa sababu zingine

Da Zuu: Tusitoke kwenye mada. Nataka watu wa zamu. Andikeni siku zenu hapa chini

*(imesomwa na 11)*

Da Zuu: Nawaona mmesoma

Jumatatu

Faraja: Asubuhi katoka!! Kazunguka ukuta mzima afu akarudi kwenye boksi. Kula bado

Da Zuu: Alhamdulillah. Kuzunguka ukuta ndo anapima mipaka. Sasa Fara ule mlango wa kioo wa uwani uzibe chini kwa kadibodi, kobe haoni kama kioo ni kizuizi, anaona nje tu, atasukuma kioo hicho kutwa nzima mpaka apate vidonda puani

Faraja: Kumbe ndo maana alikuwa anagonga pale

Mama Twins: Watoto wameshampa jina, Injinia. Kwa vile anachimba

Baba Twins: Injinia bila mshahara

Mustafa: Nimenunua taa, tayari nimeifunga. Ile nyekundu

Da Zuu: Kaka nyekundu ya nini?

Mustafa: Ya joto. Muuzaji kasema ya kobe

Da Zuu: Kaka yangu asante kwa kujitoa ila nilishaandika kwenye grupu hii kwamba anahitaji vitu VIWILI, joto na mionzi ya UVB ile iliyomo kwenye jua, na hiyo nyekundu inatoa joto peke yake. Bila UVB mwili wake hautengenezi vitamini D3, bila D3 kalisiamu ya chakula haimfikii kwenye mifupa, na gamba lenyewe ni mfupa, litalainika na kwenda upande. Na msinijibu kwamba anakaa dirishani anapata jua, kioo cha dirisha kinazuia UVB karibu yote. Jua la kweli ni la nje, tena pawe na kivuli cha kukimbilia

Mustafa: Kila nikifanya kitu kina makosa

Da Zuu: Sijasema hivyo

Mustafa: Umeandika mistari saba

Mama Twins: Hiyo taa ya UVB ikinunuliwa inakaa muda gani?

Da Zuu: Swali zuri mama. Mionzi inaisha kabla ya mwanga, yani unaiona inawaka vizuri kumbe UVB haipo tena. Nyingi zinabadilishwa kati ya miezi 6 na 12, andika tarehe kwenye kitako cha taa siku unayoifunga. Na upande wa taa chini yake joto lifike kama nyuzi 32 mpaka 35, upande wa pili pabaki pa baridi kidogo, yeye mwenyewe atahama kutafuta linalomfaa kwa sababu mwili wake haujipashi moto. Fara pima kwa kipimajoto usipime kwa mkono

Baba Twins: Mi nina wazo, tumtoboe gamba pembeni tumfunge kamba, asipotee uwani

Da Zuu: HAPANA. Hilo hata kwa utani usiliseme mbele ya watoto. Gamba limeungana na uti wa mgongo na mbavu zake, lina damu na lina neva, ukilitoboa unamtoboa yeye. Na lisipakwe rangi

Baba Twins: Samahani, sikujua kama anasikia hadi kwenye gamba

Mama Twins: Nilimwambia

Da Zuu: Na twins wanawe mikono kwa sabuni kila wakimgusa yeye au maji yake, kobe anaweza kubeba salmonela, vile vijidudu vya kuharisha, akiwa mzima kabisa. Kumbusu hakuna. Mdogo wao asimguse kabisa kwanza, walio chini ya miaka 5 ndo inawapata vibaya

Mama Twins: Walishambusu 🙆🏾‍♀️ nawaosha sasa hivi

Jumanne

Faraja: Nimemuogesha kama ulivyosema Da Zuu. Beseni, maji ya vuguvugu, hayapiti kidevu. Mwanzo alitaka kupanda ukingo, afu akatulia, akashusha kichwa mpaka pua zikazama nikaogopa!! Kumbe anakunywa, unaona koo linapanda na kushuka polepole polepole, kanywa muda mrefu sana. Afu akajisaidia humo humo, na kikatoka kitu cheupe kama dawa ya meno. Ni ugonjwa?

Da Zuu: Umenifurahisha Fara. Si ugonjwa, hicho cheupe ndo mkojo wake mzito, anabana maji mwilini. Kikiwa laini ni salama, kikianza kuwa na chengachenga kama mchanga ujue amekaukiwa. Muogeshe dakika 15 mpaka 20, badilisha maji akichafua, asibaki peke yake humo

Mjomba: Kobe mgeni lazima ana minyoo. Ninayo ile sindano ya mbuzi imebaki, naileta jioni

Da Zuu: MJOMBA TAFADHALI USILETE

Da Zuu: Mjomba nisamehe kwa herufi kubwa. Hiyo ni aivamektini, kwa mbuzi ni dawa, kwa kobe inaua, inampoozesha. Hata tone. Naomba isiingie nyumba ile kabisa, mtu asije akaikuta akadhani anasaidia

Mjomba: Haya

Mjomba: Basi atibiwe na nini

Da Zuu: Anapelekwa kwa daktari wa mifugo anayejua kobe, tunabeba kinyesi kibichi cha siku hiyo kwenye kopo safi, kinapimwa ndo anapewa dawa kwa uzito wake. Minyoo kidogo kobe wengi wanayo na si kila mmoja anatibiwa. Daktari yupo Jumamosi. NANI ANA GARI JUMAMOSI

*(imesomwa na 9)*

Baba Twins: Hivi huyu ana umri gani kwanza

Faraja: Jirani kasema alimkuta pale alipohamia, hajui. Nimehesabu duara za gamba

Da Zuu: Hizo duara hazitoi umri kwa uhakika, zinafuata vipindi vya kula vizuri na kula vibaya. Ila wanaishi miongo mingi. Kuna Jonathan wa kisiwa cha Saint Helena, huyo ni wa aina kubwa sio huyu wetu, anakadiriwa kuanguliwa 1832, alifikishwa kisiwani 1882 akiwa tayari mkubwa

Baba Twins: Kwa hiyo Injinia atatuzika wote 😂 bora tuandike urithi mapema, nani anamchukua

Mustafa: Urithi si tunajua unavyogawanywa kwenye ukoo huu. Atapewa yule yule aliyepewa cherehani

Mama Twins: Jamani

Da Zuu: Mustafa hapa tunaongelea kobe

Mustafa: Na mimi naongelea kobe. Mi ndo nalala nyumba ile, mi ndo natoa maji, mi ndo nilinunua taa kwa hela yangu, wewe unatuma amri kutoka kwako. Wakati wa cherehani pia nilikuwa mimi nyumbani

Da Zuu: Cherehani sikuiomba!

Shemeji Tatu: Ndo naingia, kuna nini

Mjomba: Watoto nyamazeni

Mustafa: Mjomba wewe ulikuwepo siku ile, waambie ulichosikia

*Mjomba anaandika...*

*(ujumbe huu umefutwa)*

Baba Twins: 🐢🐢 Injinia anasema tupunguze joto

Da Zuu: Si wakati wake

Bibi: Nimesomewa yote na Faraja na anaandika yeye ninayosema. Cherehani ilikuwa yangu nikampa niliyetaka. Mwenye neno aje kwangu akae chini aniambie usoni si humu. Mustafa nimekuona unavyoamka usiku kumfunika huyu mnyama, sijanyamaza kwa kutokuona. Zuhura punguza ukali, kaka yako si mfanyakazi wako. Huyu kobe hakuomba kuletwa, keshanyang'anywa makazi yake, asije akakuta fujo. Mbwa afungwe kuanzia leo. Taa Mustafa akairudishe na Zuhura aongezee hela. Nimemaliza.

Mama Twins: Sawa Bibi

Baba Twins: Sawa Bibi, shikamoo

Shemeji Tatu: Sawa Bibi

Mjomba: Sawa mama

Da Zuu: Sawa Bibi. Kaka nakutumia hela jioni. Na asante kwa kumfunika, sikujua

Mustafa: Sawa Bibi

Jumatano

Faraja: KALA!!! Nilimwekea ua la haibiskasi jekundu karibu na mlango wa boksi nikakaa mbali. Katoa kichwa, kalinusa, kalitazama kwa jicho moja, afu akang'ata ukingo ukakatika kwa mlio kabisa, alivyomaliza mdomo wote mwekundu. Afu akala na majani yake

Da Zuu: Nimelia kidogo ofisini wallahi

Mama Twins: Twins wanapiga makofi hapa

Da Zuu: Endelea na nyasi na magugu yasiyopuliziwa dawa, changanya changanya, isiwe jani moja kila siku. Spinachi usiizoeshe, ina oksaleti zinazoshika kalisiamu. Saladi ni maji tu haina kitu. Matunda matamu achana nayo, tumbo lake litavurugika. Na mfupa wa ngisi uwekwe atauguguna mwenyewe akitaka. Mpimeni kwenye mizani ya jikoni mara moja kwa wiki mwandike, yeye akiumwa hasemi, uzito ndo unasema kwanza. Mkiona pua inatoa mapovu au anapumua mdomo wazi msisubiri Jumamosi

Baba Twins: Si atafutiwe mwenzake, mpweke yule

Da Zuu: Hapana shemeji, kobe anaishi peke yake vizuri tu, ukimletea mwingine wanaweza kupigana mpaka kupinduana, na aliyepinduka akikaa hivyo juani hatoki mzima. Mapafu yake yako juu chini ya gamba, akilala chali vitu vyote vinayalemea

Mustafa: Uzio niweke waya?

Da Zuu: Kaka ukiweka waya anaona ng'ambo atahangaika kutoka. Kama mbao zipo zingekuwa bora, zishuke ardhini kama sentimita 30 maana anachimba. Ila wewe unapajua hapo uani kuliko mimi, amua

Mustafa: Mbao zipo tano. Hazitoshi upande wa ndizi

Baba Twins: Mi nina mbili

Mustafa: Ulete lini

*(imesomwa na Baba Twins)*

Shemeji Tatu: Nimesoma kuanzia mwanzo sasa. Swali, ana karatasi? Kobe wa nchi kavu aina zote wamo kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na sehemu nyingi kumfuga kunataka kibali cha ofisi ya wanyamapori. Jirani alikuwa nacho?

Da Zuu: ...Fara?

Faraja: Alileta boksi na taulo tu

Shemeji Tatu: Basi huyo jirani awahiwe kabla hajahama, aandike kwamba amewakabidhi, mwende nayo ofisini mkaulize. Msije mkasema mtamwachia porini mkikwama, anaweza kupeleka magonjwa kwa kobe wa huko na mwenyewe asimudu

Da Zuu: Shemeji Mungu akuweke. Jirani anahama lini?

Mustafa: Jumamosi asubuhi

Da Zuu: Jumamosi ndo daktari. Kwa hiyo tunataka watu wawili, mmoja kwa jirani mapema, mmoja na gari kwa daktari. Nani na nani?

Mama Twins: Mi naweza kwa jirani

Da Zuu: Asante mama. Gari?

*(imesomwa na 12)*

Mjomba: Gari langu lipo ila halina mafuta, na sindano nimeshaitupa muwe na amani

Da Zuu: Asante sana Mjomba, Mungu akubariki. Mafuta tutachangia. Kwa hiyo saa tatu?

Mjomba: Jumamosi nina arusi. Jumapili naweza

Da Zuu: Jumapili daktari hayupo Mjomba

Mustafa: Nipeni funguo niendeshe mimi

*Mjomba anaandika...*