Naomba ushauri: kurudisha meno nyuma kutabadilisha midomo na sura ya ubavuni?

Ndugu wanachama, nawasalimu kwa heshima. Nina umri wa miaka 27, na meno yangu ya mbele ya juu yametangulia ya chini kwa milimita 8, ilhali kawaida ni kama 2 au 3. Nikitulia, mdomo wa chini huingia nyuma ya meno ya juu na kubinukia nje, na nikitaka kufumba kinywa lazima niukaze hadi ngozi ya kidevu ifanye vishimovishimo, jambo linaloniumiza moyo kila nionapo picha yangu ya ubavuni.

Nilifanya mazoezi ya midomo kwa miezi 6 bila mafanikio. Daktari, baada ya kupiga eksirei ya kichwa kwa upande, ameeleza kuwa taya la chini ndilo lililo nyuma, na amependekeza kung'oa magego madogo mawili ya juu kisha kufunga waya, ama kufanyiwa upasuaji wa kusogeza taya hilo mbele.

Kwa waliopitia au wanaotibu hali hii: baada ya kung'oa, mdomo wa juu ulirudi nyuma kiasi gani, na je, uso ulionekana kubonyea? Tena, ni vipimo gani nimwombe daktari anionyeshe kabla sijakubali, maana jino likishang'olewa halirudi?