Helikopta ya jeshi kwenye mafuriko: ije ya kwanza, au iitwe mwisho?

Mleta mada, Tana River

Wadau, salamu. Upande wangu nautaja mapema nisije nikaambiwa nimejificha. Mimi nataka helikopta ya jeshi ije kwenye mafuriko, tena ije mapema. Ninachokataa ni ije kama mgeni asiye na mwenyeji, ishushe magunia, ipae, na kesho yake asipatikane mtu wa kuulizwa chochote.

Mtakumbuka mvua za El Niño za Novemba 2023. Mto Tana ulivunja kingo, na barabara ya Madogo kuingia Garissa ikamezwa na maji pale Kona Punda. Wanajeshi walipewa kazi ya kupeleka chakula kwa ndege sehemu zilizokatika. Sisi wa huku chini, karibu na delta, tulikuwa tumebaki visiwa visiwa.

Tulianza kuisikia kabla hatujaiona. Watoto wote walikimbilia kiwanja cha shule, na hilo ndilo kosa la kwanza, maana hakuna aliyekuwa amewaambia wakae mbali. Iliposhuka, upepo wake uling'oa mabati ya choo na kupeperusha maturubai ya watu waliokuwa wamejibanza kando ya uwanja. Kuna mama mmoja namkumbuka mpaka leo. Alilikalia turubai lake kwa magoti, leso imemfunika uso wote, na mikono yake miwili imeshika sufuria.

Vijana waliruka, wakapanga mstari, magunia yakapita mkono kwa mkono. Injini hawakuizima. Kwa makadirio yangu hata dakika kumi na tano hazikufika. Kazi safi, sina la kuwatoa kasoro. Kisha mkubwa wao akauliza kwa sauti ya kushindana na mngurumo: "Nani anapokea hapa?" Wakanyosha mikono watu watatu. Chifu alikuwa ng'ambo ya maji. Aliyetia sahihi ni yule aliyekuwa karibu zaidi na mlango.

Unga ulifika, maharagwe yalifika. Lakini kitongoji cha upande wa pili, mahali unapoweza kumpigia mtu kelele akakusikia, walilala njaa siku mbili zaidi, kwa sababu boti haikuwa na petroli. Gunia limesafiri angani kutoka mbali huko, likashindwa na mita mia nne za mwisho.

Swali langu basi: jeshi liwe la kwanza kufika, au tuliite mengine yote yakishindikana? Na likija, nani awe mwenyeji wake?

Mchangiaji, Manyara

Mleta mada, nakuheshimu, ila hapo kwenye "mwenyeji" sikubaliani nawe. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang uliporomosha tope, mawe na magogo hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu 89 walikufa. Wewe ungekuwa pale ungeuliza nani mwenyeji? Nyumba haionekani, barabara ya mjini imejaa tope limefika madirishani, watu wanachimba kwa majembe na mikono. Wanajeshi walipoingia kusaidiana na wananchi, tuliona kitu kimoja ambacho idara za kiraia hazina: mtu anaambiwa "wewe pale" naye anakwenda pale. Hakuna kikao wala posho ya kikao.

Sisi huku jeshi letu ni la wananchi hata kwa jina, Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kwa hiyo labda wasiwasi wenu ni wa Kenya zaidi.

Mchangiaji, Nairobi

Wa Manyara, hapo mwisho umegusa kidonda, kwa hiyo niruhusu nieleze wasiwasi wetu unatoka wapi.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 241(3), imeyapanga mambo mawili kwa makusudi. Aya ya (b) inasema jeshi litasaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, kisha liripoti kwa Bunge la Taifa kila linapotumwa. Aya ya (c) inahusu kurejesha amani palipo na vurugu, na hapo ni lazima Bunge liidhinishe kwanza. Moja ni taarifa, nyingine ni ruhusa. Tofauti yake ni kama ya mtu anayekwambia "nimeingia jikoni kwako" na anayeuliza "niingie?"

Sasa tazameni. Tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni kupinga Mswada wa Fedha, waziri wa ulinzi wa wakati huo, Aden Duale, alitangaza katika gazeti rasmi la serikali kwamba jeshi linatumwa kusaidia polisi. Alitaja aya gani? Ile ile ya (b), ya dharura na maafa. Bunge lilipitisha hoja ya kuunga mkono siku iliyofuata, na chama cha mawakili kikaenda mahakamani. Mahakama haikuwarudisha wanajeshi kambini, ila iliitaka serikali iseme wazi watafanya kazi gani na kwa muda gani.

Wiki chache tu kabla ya hapo, mafuriko ya Machi hadi Mei yalikuwa yameua karibu watu 300 nchini, na wote tulikuwa tunashangilia sare za jeshi kule Mai Mahiu. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya unga ndio uliopitisha magari ya deraya. Mimi sikatai helikopta. Ninachodai ni ile taarifa ya Bunge: iandikwe, isomwe, iwe na tarehe ya mwisho. Nani kati yenu amewahi kuiona ya mafuriko?

Mchangiaji, hapa hapa

Wakili wa Nairobi, mwenye njaa hana miiko. Kifungu cha 241 hakipikiki.

Mchangiaji, Mombasa

Mimi nimekula chumvi nyingi kwenye maghala na malori ya misaada, basi niwaletee hesabu, maana naona tunajadili sare na kusahau uzito.

Mtu mmoja kwa siku, nafaka peke yake, mpimie gramu 400. Watu 10,000 wanahitaji tani 4 za unga kila siku inayokuja. Helikopta za aina ya Mi-17, ambazo majeshi mengi ya Afrika yanazo, hubeba kama tani 4 zikijazwa, na huku kwetu joto na mafuta ya kwenda na kurudi huzipunguzia. Huey ni ndogo zaidi. Kwa hiyo helikopta nzima, na marubani wake na mafundi wake, kwa safari moja iliyojaa huenda ikawalisha watu elfu kumi ugali wa siku moja bila mboga. Lori moja la tela hubeba tani 28. Safari saba za helikopta zimo kwenye lori moja, na dereva wake anataka chai na mafuta ya dizeli tu.

Helikopta ina kazi yake, tena hakuna cha kuipiku: kumtoa mtu juu ya mti, kumpeleka mjamzito hospitali, kufikisha dawa, kurusha chakula cha siku tatu za mwanzo barabara ikiwa imekatika. Baada ya hapo kila saa inayoruka na magunia ni pesa ambazo zingejaza mawe palipobomoka.

Chukueni Msumbiji, Februari na Machi 2000. Dunia nzima inakumbuka helikopta za Afrika Kusini zikiwanyanyua watu kwenye matawi, na mtoto Rosita aliyezaliwa juu ya mti. Ni kweli, marubani wale walifanya maajabu, na walifika mapema. Helikopta nyingi za Ulaya na Marekani zilitua wakati kazi ya mitini imekwisha kwa sehemu kubwa. Ila kuna jambo lisilopigwa picha: waliookolewa kwa boti walikuwa wengi kuliko waliookolewa kwa ndege. Boti za plastiki na za mbao, na wavuvi wanaojua mkondo unapindia wapi.

Na jingine, nalisema kwa heshima. Kila kupaa kuna hatari yake. Tarehe 18 Aprili 2024 tulimpoteza mkuu wa majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla, na wenzake tisa kwenye helikopta Elgeyo Marakwet. Hawakuwa wamebeba unga, lakini anayebeba unga huruka na mashine kama hizo, na mara nyingi kwenye hali ya hewa mbaya zaidi. Kwa hiyo tusiiite kama tunavyoita bodaboda.

Mchangiaji, Garissa

Hesabu nzuri, mzee wangu wa Mombasa. Mimi naongeza ambacho hakipimwi kwa kilo. Novemba 2012 wanajeshi watatu waliuawa mjini kwetu. Kilichofuata kiliandikwa na mashirika ya haki za binadamu, yaliyowalaumu wanajeshi: watu walipigwa, soko likateketea. Novemba 2023, miaka kumi na moja baadaye, sare ile ile inaleta chakula. Vijana waliipokea. Mama zao walichungulia kwanza.

Simaanishi wasije. Nasema waje na mtu tunayemjua, aliyevaa shati lake la kawaida, atangulie mbele.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Wakuu, nimefanya kazi na mashirika ya misaada, na huko msimamo unajulikana tangu zamani. Kuna Mwongozo wa Oslo, ulitolewa mwaka 1994 na kurekebishwa 2007, unaosema wanajeshi watumike kwenye maafa pale tu ambapo hakuna njia ya kiraia inayoweza kufanya kazi ile kwa wakati. Njia ya mwisho. Tena wakiwepo, wabaki chini ya uratibu wa kiraia. Sababu yake ni kwamba msaada ukichanganyika na bunduki, mhudumu wa msalaba mwekundu naye kesho anaonekana ni askari.

Haiti 2010 ni somo. Baada ya tetemeko, jeshi la Marekani lilishika uwanja wa ndege wa Port-au-Prince. Ndege zilitua nyingi kuliko zamani, hilo tusibishe. Lakini Madaktari Wasio na Mipaka walilalamika kwamba ndege yao yenye hospitali ya kupulizwa ilizuiwa kutua na kuelekezwa Jamhuri ya Dominika, na vifaa vikaletwa kwa barabara. Anayeshika uwanja ndiye anayeamua nini kinatangulia.

Mleta mada, Tana River

Nimewasoma wote, na wengine mmenibadilisha kidogo.

Wa Dar, Mwongozo wa Oslo nimeusoma pia, na nadhani tunauchukulia mahali pasipo pake. Ule unazungumzia majeshi ya kigeni kwenye nchi ya mtu. Jeshi la nchi yangu si mgeni wa namna hiyo. Mafuta yake nimeyalipia mimi kwenye kodi ya sukari, kwa hiyo kuniambia nisubiri mpaka kila lori lishindwe ndipo niliite, hapana. Siku tatu za kwanza naitaka. Ila nusu ya pili ya mwongozo wako, ya kukaa chini ya uratibu wa kiraia, hiyo naichukua yote, hata kwa jeshi letu wenyewe.

Wa Manyara, kweli tope halisubiri mwenyeji. Lakini Hanang iliporomoka asubuhi moja bila kubisha hodi. Mto wetu una adabu zaidi. Mabwawa ya juu yakifurika, kuanzia Masinga mpaka Kiambere, tunatangaziwa, na maji yanachukua siku kadhaa kutufikia. Siku hizo zinatosha kumchagua mpokeaji, kuandika majina, kuweka petroli kwenye jerikeni na kuwaambia watoto wakae mbali na uwanja. Hazikutumika. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura. Lita 40 za petroli si mradi wa Benki ya Dunia.

Hapo ndipo hofu yangu kubwa ilipo, kuliko hata ile ya deraya, samahani wakili. Helikopta inapendeza mno. Ikishatua mbele ya kamera, hakuna tena anayemuuliza kiongozi boti iko wapi. Nimeona mwenyewe mheshimiwa akishuka na magunia, akapigwa picha ameshika gunia moja, akapanda nayo kurudi. Kiti chake peke yake kingekaliwa na magunia mawili ya kilo 50.

Mchangiaji, Mombasa

Na walinzi wake? Hesabu na walinzi.

Mchangiaji, Nairobi

Basi tukubaliane kwa machache: siku chache za mwanzo ije bila kuulizwa, baada ya hapo kila siku inayoongezwa ielezwe Bungeni kwa maandishi, pamoja na ilibeba nini na nani alipokea.

Mchangiaji, Manyara

Ya kwanza nakubali. Ya pili mtajikuta mnaandika ripoti maji yameshafika kiunoni. Mimi bado nipo na wale vijana wa "wewe pale".

Mchangiaji, hapa hapa

Mimi nina swali dogo, mimi ni yule wa miiko. Kiwanja cha shule kilichotua helikopta mwaka ule, mleta mada unakijua vizuri, kimejengwa madarasa mawili mapya katikati. Mvua ijayo itatua wapi?

Mleta mada, Tana River

Palipoinuka ni kule juu tu, kwenye mbuga.

Mchangiaji, hapa hapa

Kule wanalala ng'ombe.

Mleta mada, Tana River

Najua. Nimempigia mzee mmoja wa upande wa wenye ng'ombe leo mchana. Amesema tuje Ijumaa baada ya swala, na tusije na barua.