Mrejesho: kaseti ya Base Wars imewaka

Wakuu, nilirudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini kaseti yangu ya Base Wars (mchezo wa besiboli ya roboti wa 1991, wa NES, mashine ya zamani ya michezo ya Nintendo) inaleta skrini ya kijivu tu, taa ikipepesa. Aliyesema niache kuipuliza kaseti alikuwa sahihi. Nilisugua pini kwa pamba yenye spiriti, nikaacha zikauke, ikawaka mara ya tatu. Asanteni sana!

Bado wakati mwingine inagoma. Nadhani soketi ya mashine yenyewe imechoka.

Ushauri wa kutumia pesa za ushindi za ndani ya mchezo kuwanunulia roboti silaha nao umesaidia. Roboti wangu sasa wanashinda mapigano mengi ya kugombea besi (vituo ambavyo mkimbiaji hupitia uwanjani). Kuupiga mpira wenyewe, hapo bado ni kichekesho.